Mtaro mpaka mtoni: kabla hamjanunua saruji, pimeni kwanza

Nimeletewa swali hili na msomaji mmoja, nimeona nilijibu kwa urefu maana najua mitaa mingi iko kwenye hali hiyohiyo:

"Shikamoo injinia. Mtaa wetu uko Tabata hapa Dar es Salaam, nyumba kama 40, ya mwisho iko mita 90 hivi toka mto Msimbazi. Kila masika maji yanaingia ndani, safari hii yamefika magotini na vyoo vikafurika. Tumekaa kikao tumechanga milioni 3. Wengi wanataka tujenge mtaro mkubwa wa zege, sentimita 60 kwa 60, urefu mita 120, uende moja kwa moja mpaka mtoni. Wachache wanataka ukuta kwenye kingo. Mimi ndo mweka hazina na naogopa hela za watu zisipotee. Unatushauri nini?"

Marahaba mdogo wangu, poleni sana, najua kudeki tope la mto ndani ya nyumba kunavyochosha, lile tope halitoki kwenye godoro hata ufanyeje. Na umefanya vizuri kuuliza kabla, maana wengi wananiita zege likishakauka.

Nianze na kitu kimoja ambacho kama hamtakishika basi mengine yote niliyoandika hapa hayatawasaidia. Mtaro haupunguzi maji. Unayahamisha tu, toka hapa kwenda pale, na kama pale kumejaa kuliko hapa basi unayaleta kwenu. Mtaro ulio wazi upande wa mto ni njia ya kwenda na kurudi, siku mto uko chini unatoa maji ya mtaa, siku mto umepanda juu ya mdomo wa mtaro, mto unapita humohumo kuja kwenye vyumba vyenu, tena unakuja haraka kuliko ungekuja wenyewe kwenye nyasi na vichaka, kwa sababu mmeutengenezea barabara nzuri ya zege.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Kuna mtaa mmoja, sitautaja, watu walichanga miaka miwili, wakajenga mtaro mzuri kabisa, kuta zimenyooka, umesakafiwa, na walikuwa na furaha kweli. Masika ya kwanza nikapigiwa simu usiku kwamba maji "yanapanda mlima". Nilipofika asubuhi nikakuta alama ya tope kwenye kuta iko juu kuliko miaka yote ya nyuma, na nyumba ambazo zamani zilikuwa zinapona kwa kuwa mbali na mto ndo zimeingia maji safari hii kwa sababu mtaro ulipita mlangoni kwao. Hakuna aliyekosea kujenga, zege lilikuwa zege kweli. Kilichokosewa ni kwamba hakuna aliyepima mdomo wa mtaro uko chini ya mto kiasi gani mto ukijaa.

Kwaiyo swali la kwanza nawarudishia nyie: yale maji yaliyoingia ndani safari hii yalikuwa ya nani? Ya mtaa au ya mto? Watu wakishalowa wanaona maji ni maji tu, lakini hizi ni shida mbili tofauti na dawa zake ni tofauti. Maji ya mtaa yanakuja mvua ikiwa bado inapiga, dakika chache tu baada ya kuanza, yanashuka toka upande wa juu barabarani, yanabeba mifuko na chupa na mchanga wa mtaani, na mvua ikikatika nayo yanaanza kupungua. Maji ya mto yanachelewa. Yanaweza kuja mvua ya kwenu imeshakatika masaa mengi, au hata hapo Tabata haijanyesha kabisa ila imenyesha Kisarawe na Pugu, yanapanda polepole toka chini kwenda juu, mekundu au kahawia, yamebeba magogo na migomba, na yanakaa muda mrefu. Waulizeni wazee na akina mama wanaoshinda nyumbani, wao wanajua saa ngapi yaliingia na yalitokea upande gani. Tupa jani kwenye mtaro wa sasa mvua ikinyesha uangalie linaelekea wapi, nusu saa baadaye tupa lingine. Ukiona jani linarudi, umeshapata jibu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, magotini, vyoo kufurika, mita 90 toka mtoni, mimi nahisi nyie mnapata vyote viwili, ya mtaa kwanza alafu ya mto yanafuata na kuyazuia ya kwanza yasitoke.

Sasa huo mto wenyewe inabidi muuelewe kidogo. Msimbazi una urefu wa kama kilomita 35, unaanzia kwenye vilima vya Pugu huko Kisarawe, unashuka katikati ya jiji na kumwaga baharini pale daraja la Salenda. Juu huko kuna mteremko, ukifika Kigogo na Jangwani kuna tambarare. Maji yanayoshuka kwa kasi yanabeba mchanga, yakifika kwenye tambarare yanapunguza mwendo na kuuacha mchanga palepale. Ndo maana Jangwani inachimbwa na kujaa tena, inachimbwa na kujaa, na kila mchanga unapopanda sakafu ya mto inapanda, na mto wenye sakafu ya juu unafurika kwa mvua ndogo kuliko zamani. Mchanga huo unatoka kwenye ardhi iliyovuliwa miti na majani huko juu, kwenye viwanja vipya visivyo na mifereji, na kwenye kingo zenyewe ambazo mto unazila kila mwaka, na wachimba mchanga wanazidi kuzilegeza. Alafu chini kabisa kuna bahari. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar inaweza kufika kama mita 4, na mafuriko yakikutana na maji makuu pale Salenda hayana pa kwenda, yanasubiri. Nyie Tabata bahari haiwafikii moja kwa moja, ila wenzenu wa Jangwani na Hananasif wanaijua vizuri, na hao ndo maji mtakayoyasukuma nyie yatawakuta.

Mnakumbuka Desemba 2011. Watu zaidi ya 40 walikufa hapa jijini kwa siku chache tu, familia kibao zikahamishiwa Mabwepande. Na mvua za El Niño za 2023 kwenda 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 wamepoteza maisha nchi nzima. Nayataja haya kwa sababu nikiambiwa "ni mtaro tu wa mtaa" moyo wangu haukubali, huu mto umeua watu na kila anayeuongezea maji kwa haraka anagusa maisha ya mtu wa chini yake.

Tuje kwenye hesabu, usiogope ni rahisi. Mvua ya milimita 50 kwenye bati la mita 10 kwa 12 ni lita 6,000. Nyumba 40 ni lita 240,000 kwenye mabati peke yake. Ukijumlisha na nyua na barabara, tuseme mtaa wenu wote ni hekta moja na nusu, na kwa jinsi tulivyosakafia kila sehemu siku hizi kama asilimia 80 ya mvua inatiririka badala ya kuzama, basi mvua hiyo ikinyesha ndani ya saa moja inawaletea kama lita 165 kila sekunde. Hayo ndo maji mtaro wenu unatakiwa kubeba.

Mtaro wa sentimita 60 kwa 60, wa zege laini, wenye mteremko wa nusu sentimita kwa kila mita, ukiwa msafi unabeba kama lita 580 kwa sekunde. Yani mara tatu na nusu ya mnachohitaji! Wa sentimita 45 kwa 45 kwa mteremko huohuo unabeba kama 270, bado unawatosha na unabaki. Sasa sikiliza hapa. Ule wa 60 ukijaa mchanga na takataka nusu yake, haubebi nusu ya maji. Unabeba kama lita 145 tu, robo, kwa sababu nafasi imepungua na juu ya hapo maji yanakwaruzana na mchanga na chupa yanapunguza mwendo. Kwaiyo mtaro mdogo unaosafishwa unaushinda mtaro mkubwa uliotelekezwa, karibu mara mbili. Mimi nimepita mitaa mingi ya jiji hili na mtaro uliojaa nusu ndo hali ya kawaida, hata kiangazi.

Na hela je? Mtaro wa 60 kwa 60 wenye kuta za sentimita 12 kwa urefu wa mita 120 unakula kama mita za ujazo 29 za zege, ambayo kwa mchanganyo wa moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) ni karibu mifuko 190 ya saruji. Hesabu mfuko elfu 16, hapo milioni 3 yenu imeishia kwenye saruji tupu, hamjanunua kokoto wala mchanga, nondo, mbao za fomu, wala fundi hajala. Mtaishia mita 40, na mtaro ulioishia njiani ni balaa kuliko kutokuwa na mtaro maana unamwaga maji yote ya mtaa kwenye uwanja wa mtu mmoja.

Kuna na suala la mteremko. Nusu sentimita kwa mita, kwa mita 120, ina maana mwisho wa mtaro uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 60. Ardhi yenu inao huo mshuko? Kama haina, fundi atachimba chini zaidi upande wa mto ili aupate, na hapo mdomo unazama, na mdomo ukizama mto unaingia mapema zaidi. Ndo mtego wenyewe.

Ukuta naomba muusahau. Kwanza sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 toka kingo za mto, na ujenzi wowote kwenye mto lazima upite Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, ukuta wa mtaa mmoja unahamishia mto kwa jirani wa ng'ambo na wa pembeni, maji yanazunguka ncha zake na kuchimba, na ya mtaa wenu yanabaki ndani hayana pa kutokea, mnakuwa kwenye beseni. Na siku mto ukipita juu ya ukuta wa tofali, unaanguka kwa mpigo mmoja watu wakiwa wamelala kwa kuuamini. Hayohayo nawaambia wanaojaza kifusi bondeni kupata kiwanja. Kila lori la kifusi ni nafasi ambayo mto ulikuwa unakaa siku ya mafuriko, ukinyang'anywa nafasi yake unaitafuta kwingine, na kwingine ni kwa mtu.

Basi hiyo milioni 3 ningeitumiaje kama ningekuwa naishi hapo?

Ningeanza na mdomo. Mtaro mlionao sasa, hata kama ni wa udongo, una sehemu unapoingilia mtoni. Pale, tukishapata kibali cha Bodi hiyohiyo ya Maji, ningejenga kichwa cha zege kizuri, yani ukuta mfupi wa kushikilia mdomo, na kuweka mlango wa bati zito unaoning'inia kwa bawaba juu, fundi wa kuchomelea yeyote wa mtaani anautengeneza, pembeni unazungushiwa mpira wa tairi ili ukae vizuri. Mtaa ukiwa na maji na mto uko chini, maji yanausukuma mlango unafunguka. Mto ukipanda, mto wenyewe unaubana unafunga. Hauhitaji mtu wala umeme. Ila unahitaji kitu kimoja bila kukosa, usafi, maana chupa moja ya maji au gogo likikwama pale mlango unabaki wazi na siku hiyo ni kama haupo. Kwaiyo mita chache kabla ya mdomo unaweka wavu wa nondo, nafasi ya sentimita 10 kati ya nondo na nondo, umelala kidogo ili taka zipande juu maji yapite chini, na kabla ya wavu unaweka chemba ya mchanga, shimo la zege ambalo sakafu yake iko chini ya sakafu ya mtaro kama nusu mita. Mchanga unaanguka humo badala ya kujaa mtaro mzima, na kijana mmoja na chepe na toroli anaumaliza asubuhi moja. Msiweke wavu kwenye mdomo wenyewe wala kwenye mlango wa kalavati, ukiziba pale hakuna anayeweza kuusafisha maji yakiwa juu, na kuna vijana wamekufa wakijaribu.

Sasa mtu mwenye akili atauliza, mlango ukifunga na mvua bado inanyesha mtaani, maji yetu yanakwenda wapi? Swali zuri, na hapa ndo watu wengi wanapokwama. Jibu lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni muda. Maji ya mtaa wenu yanafika mtoni ndani ya nusu saa. Maji ya Kisarawe yanachukua masaa. Nyie mko karibu na mto, kwaiyo kutoa maji yenu mapema kabla mkubwa hajafika ni sahihi kabisa, na mtaro msafi unafanya hivo. Wa juu, walio mbali na mto, wao ndo wanatakiwa kuyashikilia. Wakiyaachia yote kwa haraka yanafika mtoni pamoja na ya Kisarawe na yenu, na hapo mto unavimba. Kwaiyo kikao chenu kisiishie nyumba 40, ongeeni na mtaa wa juu yenu, wale waliosakafia pevingi geti mpaka geti, maana sehemu ya maji yaliyo sebuleni kwenu huenda ni yao. Najua ni mazungumzo magumu. Nendeni na mwenyekiti wa mtaa, nendeni kwa heshima, na nendeni kiangazi, msiende siku mmelowa mna hasira.

Ya pili ni nafasi ya kusubiria. Mvua ile ya milimita 50 kwenye hekta zenu inaleta jumla ya mita za ujazo 600. Uwanja wa watoto wa mita 40 kwa 30 ukishushwa nusu mita na kuwekewa kingo za kulala unabeba kiasi hichohicho. Siku 350 za mwaka ni uwanja wa mpira, siku chache ni bwawa la muda, mto ukishuka mlango unafunguka na bwawa linaisha lenyewe. Kama mtaa wenu una eneo la wazi, hata dogo, hata la shule au msikiti au kanisa, lindeni lisijengwe fremu. Mkilipoteza hilo hamtalipata tena kwa bei yoyote.

Majumbani, kila nyumba iweke gata na tanki. Hapa nisiwadanganye, tanki la lita 1,000 kwa kila nyumba ni lita 40,000 kati ya zile 240,000 za mabati, yani moja ya sita. Sio mwisho wa shida. Ila ni moja ya sita ambayo haipiti mlangoni, na ni maji ya kufulia bure. Sharti lake tanki liwe tupu mvua inapokuja, kwaiyo masika tumieni maji kila siku, lililojaa halizuii chochote. Mashimo ya kunyonya maji ya mvua nayo yanafaa ila sio kila sehemu. Chimba shimo la nusu mita, jaza maji, kama kesho yake bado yapo basi udongo wa hapo ni mfinyanzi au maji ya ardhini yako karibu, usipoteze hela. Na tafadhali sana msielekeze maji ya bati kwenye shimo la choo, nimeona nyumba nyingi zinafanya hivo.

Na hapo kwenye vyoo naomba nikae kidogo, kwa sababu kipindupindu nacho kinaua haraka. Choo kilichojaa kikipata mafuriko kinatoka chote kinakuja jikoni. Iteni gari la majitaka linyonye vyoo kabla ya masika na kabla ya vuli, sio wakati mvua imeanza gari halipiti. Pandisheni sakafu ya choo iwe juu ya alama ya maji ya safari hii, ngazi tatu nne hazina aibu. Na ile tabia ya kutapisha vyoo mvua ikinyesha, kuzibua choo ili kiondoke na maji ya mtaroni, naisema wazi hapa, hiyo ni sumu unamtumia mtoto wa jirani. Kikao chenu kiwe na faini ya hilo na mjumbe aisimamie. Mkinunua kitu kimoja tu kwa hela hiyo, hata kabla ya mlango wa bati, nyonyesheni vyoo vya nyumba tano za chini kabisa, za wajane na wapangaji ambao hawana uwezo.

Kizingiti cha mlango sentimita 30 au 40 cha tofali na saruji kinazuia maji ya mtaa mengi tu, soketi za umeme zihamishwe juu usawa wa kifua, na mein swichi izimwe maji yakianza kuingia kabla hayajafika kwenye waya. Mtaro wenyewe ufunikwe kwa mifuniko ya zege inayoinuliwa na watu wawili, siku ya mafuriko mtaro ulio wazi hauonekani na mtoto anatembea moja kwa moja ndani yake. Kingo za mto upande wenu pandeni matete, mianzi na nyasi za vetiva, mizizi inashika udongo, na mtu akija kuchimba mchanga hapo mkatazeni kwa umoja, mmoja mmoja mtaogopeshwa.

Kuna sehemu ambayo sio kazi yenu na msikubali kubebeshwa. Mitaro ya barabara ni ya TARURA, kama ni barabara kuu basi TANROADS. Andikeni barua kupitia serikali ya mtaa, kopi kwa mtendaji wa kata na diwani, muambatanishe picha zenye tarehe na alama za maji kwenye kuta. Barua yenye vipimo hairudishwi kirahisi. Mto wenyewe una mradi wake, ule wa uendelezaji wa bonde la Msimbazi ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha 2022, jumla dola milioni 200 pamoja na fedha za Uhispania na Uholanzi, wa kupanua mto kule chini, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha depo ya mwendokasi ambayo imeingiliwa na maji mara nyingi, na kupunguza mchanga toka juu. Kabla hamjajenga chochote cha kudumu mwulizeni mwenyekiti kama kuna nyumba zenu zilizofanyiwa tathmini, msije mkamwaga zege sehemu ambayo itabomolewa. Na kuna ramani za Ramani Huria, kazi iliyoanza 2015, wanafunzi wa vyuo walipita mtaa kwa mtaa na wenyeji wakichora mitaro na kuuliza wakazi maji yalifika wapi, ziko wazi kwa yeyote kwenye OpenStreetMap, angalieni maji ya mtaa wenu yanatokea mtaro gani wa juu, mtashangaa yanakotoka.

Usafi wa mtaro nao uwe na ratiba na jina la mtu. "Tutasafisha wote" maana yake hakuna. Tengeni sehemu ya hela, hata laki 5, ya kumlipa kijana wa mtaani asafishe chemba na wavu mara mbili kwa mwezi kiangazi na kila baada ya mvua kubwa wakati wa masika na vuli, na mama mmoja mwenye duka karibu na mdomo awe ndo anakagua mlango unafunguka. Mimi naona hiyo laki 5 ina kazi kubwa kuliko mifuko 30 ya saruji.

Jumamosi hii fanyeni hivi. Chukueni mpira wa maji wa fundi, ule wa kutafutia levo, hauzidi bei ya soda chache na mafundi wote wanao. Unajaza maji, unatoa mapovu yote, pande mbili maji yanakaa usawa mmoja hata kama mko mbali, mnahama hatua kwa hatua toka mtoni mpaka nyumba ya chini kabisa mkiandika tofauti. Mnatafuta namba tatu tu: sakafu ya mtaro pale mdomoni, alama ya juu kabisa ambayo mto umewahi kufika, mkiulizia kwa wazee na kuangalia kuta na miti, na sakafu ya nyumba iliyo chini kuliko zote. Kama alama ya mto iko juu ya sakafu ya ile nyumba, hakuna mtaro wa ukubwa wowote utakaoiokoa siku hiyo, hapo tunaongelea mlango wa bati, kupandisha sakafu, au kwa ile nyumba moja mbili za mwisho kuhama kabisa, na hilo nitawasaidia jinsi ya kuliongea na wenyewe. Kama iko chini, mna nafasi nzuri na mtaro wa 45 unaweza kutosha.

Nitumie hizo namba tatu na picha ya mdomo wa mtaro mto ukiwa chini. Saruji msinunue mpaka tuongee.